Kubadili Fani au Hospitali Katikati ya Residensi Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa daktari mwenzangu aliyeko kwenye residensi (mafunzo ya ubingwa yanayofanyika kazini hospitalini) Marekani, ambaye kila asubuhi anavaa sare za hospitali huku moyo wake haumo. Mimi nilianza upasuaji wa jumla, nikamaliza mwaka mmoja, kisha nikahamia usingizi na ganzi katika hospitali ya jimbo jingine. Tangu hapo simu hazijakatika: kijana aliyesomea Mwanza, dada wa Eldoret, Mkongo aliyekulia Ohio. Wanaouliza wanabadilika, maswali ni yale yale. Nimeyajibu hapa kama ninavyowajibu wao kwenye simu, ila kwa utulivu zaidi.

Tukisema "kuhama" tunamaanisha nini hasa?

Kuna kuhama kwa namna tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kubaki kwenye fani ile ile ukabadili hospitali: mume amepata kazi Texas, mtoto anaumwa, au hospitali yenyewe haikufai. Ya pili ni kubadili fani yenyewe, pengine hata bila kutoka kwenye jengo. Ya tatu ni ya mtu aliyepata nafasi ya mwaka mmoja tu ya awali, hasa ya upasuaji, ambaye anatafuta pa kuendelea mwaka huo ukiisha. Huyu wa tatu hahitaji kumweleza mtu yeyote kwa nini anaondoka, maana kila mtu anajua mkataba wake unakwisha Juni. Majibu mengi hapa chini yanawahusu wawili wa mwanzo.

Nikihama, nitaonekana nimeshindwa?

Hapana. Utaonekana umeshindwa ukiondoka vibaya. Wakurugenzi wa programu za residensi wamekwisha kuona waliohama wengi, na baadhi yao walihama wenyewe walipokuwa vijana. Wanachotaka kujua ni kama ulifanya kazi yako vizuri mpaka siku ya mwisho, na kama waliokufundisha wako tayari kusema hivyo kwa maandishi.

Nitajuaje kama tatizo ni fani au ni uchovu tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu ni wachache wanaojiuliza kabla ya kuanza kutafuta nafasi.

Nitakueleza siku niliyojua. Ilikuwa Februari, mwaka wangu wa kwanza. Tumbo limefunguliwa, mimi nashikilia kidonda kiwe wazi, bosi anatafuta panapovuja damu. Nyuma ya pazia, upande wa daktari wa usingizi, mashine ya kupima oksijeni ilikuwa inalia mapigo yake. Wanaoifahamu wanajua kwamba oksijeni ikishuka, mlio nao unashuka, unakuwa mzito. Uliposhuka kidogo tu, mimi nilikuwa nimeshainua kichwa kutazama kioo: 95, 93, 91. Nikaanza kufikiri moyoni, mpira umeingia ndani sana? Makohozi? Pafu moja limefunga? Bosi akaniambia, "Daktari, kidonda kiko huku." Alikuwa na haki. Mikono yangu ilikuwa upande mmoja wa pazia, akili iko upande wa pili, na haikuwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo usijipime kwa siku mbaya. Siku mbaya zipo kila fani. Hata daktari wa ngozi ana siku anayotaka kutupa koti. Jipime kwa siku nzuri. Umelala usingizi wa saa saba, mgonjwa amepona, bosi amekusifu mbele ya wenzako. Siku hiyo, ukiwa njiani kurudi nyumbani, bado unatamani ungekuwa idara nyingine? Kama jibu ni ndiyo, na limekuwa ndiyo kwa miezi kadhaa, tatizo ni fani.

Kama siku nzuri unaifurahia, tatizo linaweza kuwa saa za kazi, mtu mmoja mnyanyasaji, au sonona. Kikomo cha saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, kiliwekwa na ACGME, chombo kinachoidhinisha programu hizi, mwaka 2003. Kama unazidisha, andika saa zako za kweli kwenye mfumo. Tafadhali usizipunguze kwa kuogopa kusemwa, maana kwa kufanya hivyo unaificha programu isionekane kwamba inavunja kanuni. Na kama ni sonona, ACGME inaidai kila programu ihakikishe unapata huduma ya afya ya akili ya siri, saa 24, siku zote 7. Itumie kabla ya kufanya uamuzi wowote. Nimemwona mwenzangu akihama fani mara moja, na huzuni ikahama naye.

Nimwambie nani kwanza?

Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Mtu wa kwanza rasmi ni mkurugenzi wako wa programu. Kabla yake unaweza kuongea na mtu mmoja unayemwamini ambaye hakutathmini: mshauri kutoka idara nyingine, au mtu aliyehama kabla yako. Mmoja, siyo watano. Hospitali ina masikio mengi kuliko soko la Kariakoo, na habari zako zikimfikia mkurugenzi kutoka kwa mtu mwingine, hutapata tena nafasi ya kuzisema kwa mdomo wako.

Sababu siyo adabu peke yake. Kwa kanuni za ACGME, programu inayotaka kukupokea lazima ipate uthibitisho wa mafunzo uliyokwisha kupitia na tathmini ya utendaji wako kutoka programu unayotoka. Hakuna njia ya pembeni. Utafanya siri miezi mitatu, utahojiwa, watakupenda, halafu mkurugenzi mpya atamwuliza mkurugenzi wako. Rafiki yangu mmoja yalimkuta hayo. Mkurugenzi wake alisikia habari kwenye korido, katikati ya raundi, kutoka kwa daktari aliyepigiwa simu na hospitali nyingine. Hakumfukuza. Barua aliyomwandikia ilikuwa ya mistari minne, na barua ya mistari minne nchini Marekani inasema mengi.

Sasa, unaingiaje ofisini? Omba miadi kwa katibu, usimsimamishe mlangoni. Nenda mapema, kabla mikataba na ratiba za mwaka ujao hazijapangwa, kwa sababu ukiondoka unamwachia pengo la zamu na yeye ndiye wa kuliziba. Anza na unachokitaka, siyo na unachokikimbia. Mimi nilisema hivi: "Nimejifunza mengi hapa, na nimegundua kwamba kazi ninayoitaka maishani iko upande wa pili wa pazia. Nitafanya zamu zangu zote mpaka tarehe 30 Juni. Ninaomba ushauri wako, na nikistahili, barua yako."

Alinyamaza. Akageuka kuitazama kalenda ya ukutani, ile yenye rangi za kila residenti. Akauliza kitu kimoja tu: "Julai nani atashika zamu zako?" Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, siyo kwa swali hilo. Tukakaa dakika ishirini tukihesabu watu. Nilipotoka, alikuwa ameshakubali kuandika.

Na kama mkurugenzi wangu ndiye tatizo?

Hapo unakwenda kwa naibu wake, au mkuu wa idara, au ofisa wa hospitali anayesimamia programu zote za mafunzo. Kila hospitali inayofundisha lazima iwe na ofisa huyo, na ofisi yake ndiyo inayojua taratibu za malalamiko. ACGME nayo ina ofisi ya mpatanishi inayosikiliza residenti bila kufungua kesi. Weka kumbukumbu ya tarehe na maneno. Hata hivyo tathmini yako bado inaweza kutoka kwa huyo huyo mkurugenzi, kwa hiyo tafuta madaktari wengine wawili au watatu waliofanya kazi nawe kwa karibu waandike barua zao. Na kumbuka kwamba programu unayotoka inawajibika kutoa uthibitisho wa mafunzo yako kwa wakati hata kama uliondoka hujamaliza. Hawawezi kukuwekea kinyongo kwa kuufungia kabatini.

Match inanifunga kwa muda gani?

Match ni mfumo wa kitaifa unaowapangia madaktari nafasi za residensi, na unaendeshwa na shirika la NRMP. Wanaoingia kupitia NRMP wanaahidi kuanza kazi pale walipopangiwa, na ahadi hiyo inahesabiwa imetimizwa ukikaa siku 45 tangu siku ya kuanza. Kabla ya hapo, ukitaka kujitoa, ni NRMP peke yake inayoweza kukuruhusu. Hata mkurugenzi wako akikwambia "nenda, hakuna shida", kauli yake haitoshi. Na kabla hujaruhusiwa, usijadiliane na hospitali nyingine kuhusu nafasi ya mwaka huo huo. Anayevunja ahadi anaweza kuzuiwa asipokelewe kwingine na jina lake kuwekwa kwenye orodha ambayo programu zote zinaiona.

Baada ya siku 45 unachobaki nacho ni mkataba wako wa kazi, ambao kwa kawaida ni wa mwaka mmoja mmoja. Usome. Tazama unatakiwa kutoa taarifa siku ngapi kabla.

Nafasi zinapatikana wapi?

Njia mbili. Ya kwanza ni kuingia Match upya, kwa fani nyingi kupitia ERAS, mfumo wa kutuma maombi mtandaoni, kama ulivyofanya ulipotoka chuo, maombi yakianza kufika kwenye programu mwishoni mwa Septemba na majibu yakitoka Machi. Fani zinazoanza mwaka wa pili, kama usingizi, mionzi na ngozi, zina nafasi chache zilizotengwa kwa ajili ya watu ambao tayari ni madaktari na wanaweza kuanza Julai hiyo hiyo. Wengi hawazijui, wanaomba zile zinazoanza mwaka unaofuata, kisha wanakaa mwaka mzima bila kazi.

Njia ya pili ni nje ya Match: mtu ameacha, mtu amejifungua, programu imeongezewa nafasi. Hizi hutangazwa kwenye FREIDA, orodha ya mtandaoni ya chama cha madaktari AMA, na kwenye kurasa za vyama vya wakurugenzi. Upasuaji ni APDS, magonjwa ya ndani ni APDIM, magonjwa ya akili ni AADPRT. Zinajazwa kwa haraka sana. Nyaraka zako ziwe tayari kwenye faili moja kabla hujaanza kutafuta, maana nafasi ya Jumatatu Ijumaa haipo.

Nafasi nyingine hazitangazwi kabisa. Mimi yangu niliipata kwa sababu daktari wa usingizi niliyekuwa nikimsumbua kwa maswali nyuma ya pazia alikuwa na rafiki aliyekuwa akitafuta mtu.

Miaka niliyosoma itahesabiwa?

Inategemea fani mpya, na mwenye uamuzi ni bodi ya fani hiyo (chombo kinachowatahini na kuwapa vyeti mabingwa wake) pamoja na mkurugenzi mpya. Mtu anayetoka upasuaji kwenda usingizi kwa kawaida mwaka wake wa kwanza unakubalika, kwa kuwa usingizi unadai mwaka mmoja wa tiba ya jumla kabla ya mitatu ya fani yenyewe. Anayetoka magonjwa ya akili kwenda upasuaji ajiandae kuanza upya, miaka 5 kamili. Magonjwa ya ndani, watoto na tiba ya familia ni miaka 3 kila moja, magonjwa ya akili na uzazi ni 4, upasuaji wa ubongo ni 7. Kama hospitali inakuahidi kwamba utaruka mwaka, waombe waiulize bodi na wakupe jibu kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haitakufaa siku ya kujiandikisha kwa mtihani wa bodi.

Ni kweli hospitali inaangalia hela za Medicare?

Ni kweli, na ni vizuri uelewe hesabu yake, kwa sababu wakati mwingine unakataliwa kwa sababu hii na hakuna anayekwambia.

Sehemu kubwa ya fedha za kufundishia residenti inatoka kwa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee. Fani uliyoanza nayo ndiyo inayoamua Medicare itakulipia kwa ukamilifu miaka mingapi: ile miaka inayohitajika kufikia bodi ya fani hiyo, isiyozidi 5. Ukibadili fani, saa haianzi upya. Miaka hiyo ikiisha, sehemu ya malipo ya moja kwa moja kwa ajili yako inashuka hadi nusu.

Chukua mtu aliyeanza tiba ya familia. Amepewa miaka 3. Ametumia mmoja, akaingia upasuaji kuanzia mwanzo. Miaka miwili ya kwanza ya upasuaji hospitali inalipwa kamili, mitatu inayobaki inalipwa nusu ya sehemu ile. Mimi kinyume chake: nilianza upasuaji wenye miaka 5, nikaenda fani inayokamilika kwa 4. Hospitali haikupoteza hata senti.

Usikate tamaa kwa sababu ya hesabu hii. Lipo fungu jingine la malipo ya Medicare ambalo halipunguzwi kwa namna hiyo, na hospitali nyingi zinaajiri residenti zaidi ya idadi wanayolipiwa, kwani kikomo cha idadi hiyo kilifungwa kwa sheria ya mwaka 1997 kwa kutazama hali ya 1996. Hospitali inayokuhitaji itakuchukua. Lakini ukiulizwa umeshatumia miaka mingapi, jibu kwa usahihi bila kusita.

Niko kwa visa ya J-1. Naruhusiwa kubadili fani?

J-1 ni visa ya kubadilishana, wanayokuja nayo madaktari wengi wa nje kwa mafunzo. Unaruhusiwa mara moja tu, na ndani ya miaka miwili ya kwanza tangu uingie kwa hadhi hiyo. Mwezi wa 25 ni mwezi wa 25, hawahesabu kwa huruma. Mafunzo yote kwa J-1 kwa kawaida hayapiti miaka 7, kwa hiyo piga hesabu ya miaka uliyotumia pamoja na ya fani mpya, na ya ubingwa wa ndani zaidi kama unautaka.

Kuna karatasi moja inayowachelewesha watu wetu kuliko zote: barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako inayosema kwamba nchi inahitaji wataalamu wa fani hiyo. Barua yako ya zamani inataja fani ya zamani. Ukibadili, unahitaji nyingine yenye fani mpya, kutoka Dodoma au Nairobi au Kampala. Anza kuifuatilia siku ile ile mkurugenzi wako anapokubali. Yangu ilipita mikononi mwa kaka yangu, aliyekwenda Dodoma mara mbili na kusubiri kwenye benchi mpaka ikasainiwa. Kama huna kaka, tafuta binamu, tafuta mwanafunzi mwenzako wa zamani aliyeko wizarani. Barua pepe peke yake nisingeitegemea.

Kuhamia hospitali nyingine kwa fani ile ile hakuhesabiki kama kubadili fani, ila usianze kazi mpya kabla karatasi za udhamini hazijatoka.

Na wa H-1B?

Hii ni visa ya kazi. Hospitali mpya lazima iwasilishe ombi lake yenyewe, na uwe umefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni ya udaktari Marekani. Kikomo cha kawaida ni miaka 6, kwa hiyo anayetaka kuhamia fani ndefu aongee na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujiuzulu. Nasema kabla, kwa sababu ukiacha kazi hadhi yako ya kukaa nchini inaanza kuyumba hapo hapo.

Mbona nyumbani MMed haina mambo haya?

Kwa sababu ni kitu kingine. Muhimbili, Nairobi au Makerere, MMed ni shahada ya chuo kikuu: unaomba, unasajiliwa, unalipa ada au unapata mfadhili. Kubadili fani ni kurudi kwenye dirisha la udahili. Residensi ya Marekani ni ajira. Una mshahara, una mkataba, na jina lako liko kwenye ratiba ya zamu. Ndiyo maana mkurugenzi wangu aliuliza habari za Julai kabla ya kuuliza habari za ndoto zangu.

Hospitali ikifungwa nikiwa katikati?

Hilo lilitokea Philadelphia mwaka 2019, Hahnemann ilipofungwa baada ya kufilisika na kuwaacha residenti na wafelo (wanaosomea ubingwa wa ndani zaidi) zaidi ya 550 bila mahali pa kufanyia mafunzo. Wengi walipokelewa na hospitali nyingine ndani ya wiki chache, kwa sababu programu inapofungwa upo utaratibu wa fedha za Medicare kumfuata residenti kule anakokwenda. Kilichowakosesha watu usingizi baadaye ni bima: nani atalipia kinga dhidi ya mashtaka yatakayokuja kuhusu wagonjwa waliotibiwa kabla ya kufungwa? Uliza swali hilo hata kama hospitali yako iko imara. Unapoondoka mahali popote, bima ya kazi uliyokwisha kuifanya inaendelea, au inakatika?

Nimewekwa kwenye uangalizi rasmi. Bado naweza kuhama?

Unaweza, ila useme ukweli. Bodi za leseni za majimbo huuliza kama uliwahi kuwekwa chini ya uangalizi au kuacha programu, na kuficha huleta adhabu kubwa kuliko kosa lenyewe. Kama inawezekana, maliza uangalizi huo kwanza, kisha ndiyo uhame. Karatasi inayosema "alirekebishwa, akafaulu" inasomeka vizuri.

Kwenye mahojiano niseme nini kuhusu programu ninayoiacha?

Sema kizuri cha kweli. Kama hakuna, sema ulichojifunza. Usiwaseme vibaya hata kama walistahili. Anayekuhoji anajiuliza utamsema vipi yeye.

Nyumbani nitawaambiaje?

Hapa nilikawia kuliko popote. Mama alikuwa ameshawaambia watu wa mtaa mzima pale Tanga kwamba mwanawe ni daktari wa kupasua. Nilimpigia Jumapili jioni saa za kwake, nikamwamkia, nikazunguka, nikauliza habari za kuku. Akaniambia, "Mwanangu, wewe hukunipigia kwa ajili ya kuku."

Nikamweleza. Akauliza, "Huyo wa usingizi ndiye anayekaa na mgonjwa mpaka azinduke?" Nikasema ndiye. "Basi mimi nilipopasuliwa kizazi, huyo ndiye aliyekuwa akiniita jina langu. Aliyenipasua sikumwona."

Mpe nyumbani nafasi ya kukushangaza.

Kabla ya kuondoka nichukue nini?

Orodha ya vitu ulivyofanya kwa mikono, iliyosainiwa. Tathmini zako zote, kwani mfumo wa hospitali hukufungia mlango usiku ule ule mkataba unapokwisha. Barua ya uthibitisho wa tarehe zako, tarehe kamili na siyo miaka tu. Kumbukumbu za chanjo na vipimo vya kifua kikuu. Anwani na simu ya ofisi ya mafunzo, maana leseni, bima na kila hospitali utakayofanya kazi baadaye watawaandikia hao. Hamishia kwako picha na barua pepe binafsi zilizokaa kwenye akaunti ya kazi, bila kugusa chochote cha mgonjwa.

Mimi zamu yangu ya mwisho ilikwisha saa moja asubuhi. Nikamkabidhi mwenzangu wagonjwa kumi na mmoja, mmoja mmoja, kitanda kwa kitanda, nikamwachia peja ikiwa na betri mpya.